Saa za Mwenye Jimu



Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa kwetu Tanzania Bara, inamzuia mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya siku sita kwa wiki, zaidi ya saa 45 kwa wiki, au zaidi ya saa tisa kwa siku. Saa za ziada zipo, lakini nazo zimewekewa kikomo na malipo yake. Kila wiki mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za kupumzika, na kila mwaka apate likizo ya siku 28. Ni sheria nzuri, na waliopigania haki hizo walijua mwili wa binadamu una mwisho.

Sasa twende Tabata, twende Mbagala, au tuvuke tufike Mwanza na Arusha, tumtafute mtu mwenye jimu yake ya mtaani. Huyu anafungua saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu wateja wake wa kwanza ni watu wa maofisini wanaotaka kufanya mazoezi, kuoga na kuwahi usafiri kabla foleni haijafunga. Anafunga saa nne usiku, kwa sababu vijana wa dukani na mafundi hawatoki kazini mapema. Kutoka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku ni saa 17. Kwa siku saba ni saa 119. Hakuna aliyemwajiri, kwa hiyo hakuna wa kumshtaki. Amejifanyia mwenyewe.

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya mtu huyu, kwa sababu nimezijua jimu za mtaani kwa miaka mingi, nikazipenda, na nimeona nyingi zikifungwa. Mtu akiuliza sababu anaambiwa wateja hakuna. Mimi sikubali. Nyingi zilifungwa zikiwa na wateja. Aliyekwisha ni mwenyewe. Uchovu ulianza kwenye magoti na mgongo, ukaingia kwenye hesabu, ukaingia nyumbani, na siku mwenye nyumba alipodai kodi ya mwaka mpya hakukuwa na nguvu ya kuanza upya.

Tumtazame kwanza alikotoka, maana hapo ndipo mambo yanapoanza. Mara nyingi ni mtu aliyekuwa na mwili wake mzuri: bondia, mwanajeshi mstaafu, mchezaji wa mpira aliyeumia goti, baunsa wa ukumbi wa muziki. Alianza kufanya mazoezi uani, kwa vyuma vya zege. Mnavijua: makopo mawili ya rangi yamejazwa zege, katikati pamepita bomba. Rafiki mmoja akaja, wakafika watano, wakaanza kuchangia saruji. Baadaye wakaenda Gerezani, pale Kariakoo, fundi akawachomelea benchi na stendi ya kuchuchumalia. Jirani akachoka na kelele, ndipo jamaa akapanga fremu mbili za maduka, akavunja ukuta wa katikati kwa idhini ya mwenye nyumba, akatundika kioo kikubwa, akapaka rangi nyekundu na nyeusi, akaandika jina juu ya mlango. Biashara ikazaliwa bila mtu kukaa chini akasema leo nafungua biashara.

Na hilo ndilo tatizo la kwanza. Kwa kuwa ilianza kama starehe ya marafiki, mwenyewe hakuwahi kuhesabu muda wake kama gharama. Alikuwa pale hata hivyo.

Tuhesabu basi, tena polepole, na anayesikiliza na kalamu aandike. Huu ni mfano nilioutunga, kila mtu aweke namba zake. Tuseme jimu ina wanachama 60 wanaolipa shilingi 40,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 2,400,000. Pango ni 600,000. Umeme na maji 250,000. Msaidizi anayefanya usafi na kukaa mapokezi 200,000. Matengenezo, dawa za kusafishia na vitu vidogo vidogo 200,000. Kodi, leseni na ada za halmashauri, tukizigawa kwa miezi, 100,000. Jumla ya matumizi ni 1,350,000. Inabaki shilingi 1,050,000.

Mwenye jimu akiiona namba hiyo anafurahi. Milioni na ushee kwa mwezi, mtaani kwetu, ni pesa ya kuheshimika. Sasa igawanye kwa saa zake. Saa 17 kwa siku 30 ni saa 510. Inatoka kama shilingi 2,060 kwa saa. Ndani ya hizo 2,060 kuna kocha, mhasibu, fundi, mlinzi, msuluhishi wa ugomvi na mwenye mtaji, wote wamefungwa katika mtu mmoja. Tena hatujaweka pembeni hata senti ya kununua mashine nyingine hizi zikichakaa. Mashine ya kukimbilia iliyotumika Ulaya, ikaja huku kwa kontena, tayari ilikuwa imekula sehemu kubwa ya maisha yake kabla hujaiona.

Tubadilishe kitu kimoja tu. Mwenye jimu aajiri kocha wa jioni, wa saa tano kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa shilingi 250,000. Amwandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako michango ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yake mwajiri, kwa hiyo aongeze 25,000. Jumapili afunge. Mfukoni kwake sasa inabaki 775,000. Imepungua, na mtu asiyehesabu saa ataona amepata hasara. Lakini sasa anafanya saa 12 kwa siku 26, yaani saa 312, na kila saa yake inamlipa karibu shilingi 2,480. Amepunguza karibu saa 200 kwa mwezi, na kila saa iliyobaki imepanda bei. Saa 12 bado ni nyingi. Ni hatua ya kwanza tu, na ninaitaja kwa sababu wengi wanaogopa kuipiga.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia mara nyingi: wateja wanakuja kwa sababu yangu, nikiondoka nao wanaondoka. Kaka, dada, nakuheshimu kwa kulisema hilo, maana lina ukweli. Lakini kama ni kweli kabisa, basi huna biashara bado. Una kibarua kinachokulipa 2,060 kwa saa, na kinachokatika siku ukishikwa na homa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliomba ni dogo: mwenye jimu ajiandikie mshahara. Namba ile iingie katika orodha ya matumizi kama pango linavyoingia, na faida ihesabiwe baada ya hapo. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jimu mali inayopotea kwanza ni muda wa mwenyewe. Ukishajiandikia mshahara utaona mara moja kama ada unayotoza inatosha au unawalipia wateja wako mazoezi kutoka katika mwili wako.

Msikilizaji, sasa niingie katika jambo linalonigusa zaidi, nalo ni mahudhurio.

Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha utafiti katika jarida la American Economic Review. Walichukua rekodi za miaka mitatu za wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani. Waliochagua kulipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walifika, kwa wastani, mara 4.3 tu kwa mwezi. Ukigawanya, kila ujio uliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali pale pale mapokezi kulikuwa na tiketi ya mara kumi ambayo ingewagharimu dola 10 kwa kila ujio. Watu walilipia nia njema waliyokuwa nayo juu yao wenyewe.

Biashara nyingi kubwa za jimu huko zimejengwa juu ya tabia hiyo. Benki inakata pesa yenyewe kila mwezi, mwanachama hakumbuki, au anaona aibu kujitoa. Ada inaweza kuwa ndogo sana kwa sababu waliojiandikisha wakija wote siku moja hawaenei. Asiyekuja ndiye anayelipa pango.

Huku kwetu utaratibu huo haufanyi kazi, na wamiliki wengi wanashindwa kwa kuuiga bila kujua. Mteja wa mtaani halipi kwa kukatwa benki. Analipa mkononi au kwa simu, wengine kwa mwezi, wengine kwa siku. Asipokuja wiki mbili, mwezi ujao halipi, na hatakuaga. Kwa hiyo jimu ya mtaani inaishi kwa wanaokuja. Ukielewa hilo, kila kitu kinabadilika: bango la punguzo la bei linakuwa na thamani ndogo kuliko daftari la mahudhurio pale mlangoni.

Daftari lenyewe ni la shilingi chache. Jina, tarehe, saa aliyofika. Kila Jumatatu mtu alipitie, atafute ambao hawajaonekana kwa siku kumi. Hao wapigiwe simu. Wasiulizwe habari ya pesa. Waambiwe: Mama, hatujakuona, lile goti linaendeleaje? Simu hiyo ni dakika mbili, na ni kazi ambayo jimu kubwa yenye wanachama maelfu haiwezi kuifanya kwa moyo. Hapo mdogo ana nguvu kuliko mkubwa, na inasikitisha kuona anaiacha nguvu hiyo ili akope pesa ya kununua mashine yenye taa.

Wengi wanaopotea hupotea mapema. Mtu hajafanya mazoezi tangu shuleni, anakuja Jumatatu ana ari, kijana wa mapokezi anampandisha kila mashine, anarudi nyumbani anajisikia shujaa. Jumanne usiku na Jumatano hawezi kushuka ngazi. Maumivu ya misuli isiyozoea kazi hukomaa kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, hilo linajulikana, na hupungua yenyewe mwili unapozoea. Lakini mgeni hajui. Anadhani ameumia, au anadhani mambo haya ni ya mabaunsa. Kocha mwenye hekima humpa kazi nusu ya anayoiweza siku ya kwanza, kisha humwambia kabla hajatoka: keshokutwa utasikia maumivu, ni ya kawaida, njoo tufanye mepesi. Sentensi hiyo moja inaokoa ada za miezi.

Na mwambie ukweli juu ya kiasi kinachohitajika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Siku tatu kwa wiki, saa moja kila siku, zinamfikisha. Mwenye jimu anayeuza siku tatu kwa wiki, kwa siku zilizopangwa, anamsaidia mteja asikate tamaa, na papo hapo anagawanya watu ili saa moja jioni ya Jumatatu pasiwe na foleni kwenye benchi moja huku Alhamisi pamelala.

Kulala huko kwa jimu mchana nako kunaniuma. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri mahali pako pana pango, pana msaidizi anayelipwa, na hakuna mtu. Wakati huo huo hospitali zetu zinawaambia watu wenye presha na sukari wafanye mazoezi, na hawaambiwi wapi. Mzee mstaafu hataki kuja saa moja jioni kati ya vijana wanaopiga tizi kwa muziki wa kupasua masikio. Mama aliyejifungua miezi sita iliyopita hana mtu wa kumwachia mtoto usiku. Dada anayejisitiri hawezi kufanya mazoezi wanaume wakimtazama. Weka pazia zito, weka saa za akina mama peke yao na kocha mwanamke, punguza sauti ya spika, nunua kipimo cha presha cha mkononi, na mwenye presha ya juu umtake kwanza aonane na daktari wake. Katika miji ya pwani, kama Tanga na Zanzibar, penye desturi ya kujisitiri, saa za wanawake zikipangwa vizuri zinaweza kuibeba biashara yote. Kitu kimoja tu: ukisema ni saa za wanawake, iwe hivyo kweli. Fundi wa mashine asiingie, wala wewe mwenyewe.

Kalenda nayo ina yake. Vitabu vya biashara vya Ulaya na Marekani vinamwambia mwenye jimu kwamba Januari ni mavuno, watu wametoka sikukuu, wana maazimio. Hapa Januari shule zinafunguliwa. Ada, sare, madaftari, na wenye nyumba wengi wanadai pango la miezi sita au mwaka. Mzazi mwenye watoto watatu hawezi kununua azimio la mwaka mpya tarehe 5 Januari. Usipange kununua vyuma kwa matumaini ya mwezi huo. Ramadhani nayo inasogeza saa: mchana panakauka, baada ya tarawehe panafufuka, na mwenye jimu anayefunga saa tatu usiku kwa sababu ratiba ndivyo ilivyo anawafukuza watu mlangoni. Chelewa kufungua asubuhi, chelewa kufunga usiku, na upate na wewe muda wa kufuturu na watu wako.

Juu ya mashine nitapita haraka. Mashine ya umeme hula LUKU hata pale mteja anapotembea tu. Tukisema inavuta kilowati moja, kwa saa sita kwa siku ni uniti sita. Kwa bei ya biashara ndogo, ambayo ni kama shilingi 350 kwa uniti, ni 2,100 kwa siku, na kwa siku 26 ni 54,600. Mashine moja inakula ada ya mwanachama na zaidi, kabla mkanda haujakatika. Vyuma, dambeli, benchi imara, kamba za kuruka na eneo wazi la sakafu havidai umeme, na ndivyo vinavyojenga mwili kuliko vyote. Wanaokumbuka mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 watakumbuka pia ni jimu zipi ziliendelea kufanya kazi, milango wazi, taa ya sola ukutani, watu wanatokwa jasho kama kawaida.

Mikopo. Hapa nasema kwa uchungu. Mkopo wa kausha damu, ule wa marejesho ya kila siku au kila wiki, haufai kabisa kwa biashara ambayo pesa yake huingia mwanzoni mwa mwezi na kukauka katikati. Umeona watu wakichukuliwa benchi na spika mbele ya wateja wao. Vijana wanaofanya hii kazi pamoja wajiunge kikundi kilichosajiliwa, waulize halmashauri juu ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ina foleni na ina masharti, lakini haimnyang'anyi mtu kitanda. Na kikundi kina faida nyingine ambayo haipo katika fomu: mkiwa watatu, mmoja anaweza kuumwa na mlango ukafunguliwa.

Tufike kwa makocha, maana hapo ndipo mioyo ya wamiliki inapovunjika. Unamfundisha kijana, anajua kazi, wateja wanampenda, siku moja anaondoka na wateja kumi kwenda jimu ya mtaa wa pili. Wengi hulichukua jambo hili kama usaliti. Mimi nasema tuulize kwanza alikuwa analipwaje. Kijana anayepewa pesa ya nauli na chakula, bila karatasi, bila NSSF, hajasaliti ajira kwa kuwa hakuwa nayo. Mwandikieni mkataba, kama sheria inavyowataka. Mwekeeni mshahara wa uhakika, kisha mkubaliane wazi juu ya wateja wake binafsi anaowafundisha ndani ya ukumbi wenu: yeye achukue kiasi gani, jimu ibaki na kiasi gani, na pesa ipokelewe na nani. Maneno hayo yakisemwa siku ya kwanza ni maongezi ya kawaida. Yakisemwa mwaka wa pili ni ugomvi. Na kama bado ataondoka, basi na aondoke kwa heri, maana kocha aliyeondoka vizuri huwatuma watu kwako wakihamia mtaa wako.

Nyumbani, ndugu zangu. Simu ya mwenye jimu hailali. Kundi la WhatsApp la wanachama linamuuliza saa tano usiku kama ndizi inanenepesha. Mmoja anataka ratiba, mwingine analalamika taulo lake limepotea. Mke au mume anazungumza, jibu linatoka macho yakiwa kwenye kioo cha simu. Watoto wanajua baba anafundisha watu mazoezi, lakini hawajawahi kwenda naye uwanjani Jumapili. Kuna namna ya kuliponya hili isiyohitaji pesa. Jimu iwe na namba yake ya simu, na simu hiyo ilale jimu. Kundi lifungwe usiku, aandike msimamizi tu, lifunguliwe asubuhi. Wateja wataelewa ndani ya wiki moja. Wanaofanya kazi benki, wauguzi, walimu, wote wanajua mahali pa kazi huwa panafungwa.

Na mazoezi yako mwenyewe yapo wapi? Kitu cha kwanza kinachokufa mtu akifungua jimu ni mazoezi yake. Anasimama saa 17 akihesabu marudio ya wengine, anakula chipsi saa tisa alasiri akiwa amesimama, na kitambi kinaota kwa mtu aliyeingia kazi hii kwa kupenda mwili wenye afya. Aandike jina lake kwenye lile daftari la mahudhurio, siku tatu kwa wiki, saa ambazo msaidizi anashika zamu. Akikosa siku kumi, na yeye apigiwe simu.

Nimalizie na jina na makaratasi, na hapa nitavuka bahari kidogo. Mwaka 1965 mtu mmoja aitwaye Joe Gold alifungua jimu Venice, California, karibu na ufukwe. Mashine nyingi alizitengeneza kwa mikono yake, kama mafundi wetu wa Gerezani. Wanyanyua vyuma wakubwa wa zama zile walifanya mazoezi pale, akiwemo Arnold Schwarzenegger. Mwaka 1970 Joe Gold aliiuza, na jina likaenda pamoja nayo. Alipotaka kurudi katika kazi hiyo miaka ya 1970, jina lake mwenyewe hakuweza kuliandika juu ya mlango wa jimu. Mpya akaiita World Gym. Ile ya kwanza ikaenea duniani ikiwa na jina la Gold's Gym, ikapita mikononi mwa wengi, ikaomba kinga ya kufilisika Mei 2020 wakati wa korona, na Julai mwaka huo kampuni ya Ujerumani ya RSG Group ikainunua kwa dola milioni 100. Jengo, mashine na wateja wa 1965 vilikuwa vimebaki nyuma siku nyingi. Jina lilikuwa bado linauzwa.

Jina lako lililoandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa mwenye nyumba si lako mpaka liwe limesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na usajili wa jina la biashara ni kitu kimoja, wa alama ya biashara ni kingine. Uliza vyote viwili. Kisha kaa mezani, andika ni nani anayeshika nini. Mkataba wa pango unasemaje kuhusu vioo ulivyovitundika na sakafu uliyoimwaga, ni vya nani ukihama? Ukurasa wa Instagram wenye picha za wateja, neno la siri liko kwa nani, kwako au kwa kocha aliyeufungua? Lipa namba imesajiliwa kwa jina la nani, na ukilazwa hospitali mwezi mzima, kuna mtu nyumbani anayejua pesa ya jimu inaingia wapi na inatolewaje? Mke, mume, dada, mtoto mkubwa, yeyote unayemwamini, akae nawe siku moja umwonyeshe daftari, mkataba, namba ya fundi na tarehe ya pango. Tuseme mkataba wa pango unaisha Desemba. Mazungumzo na mwenye nyumba yaanze Septemba, mkiwa wawili.